Mkarafuu Huchumwa Shada, Hauvunjwi Tawi

Nawaandikia waliokodi mikarafuu ya serikali Pemba, pamoja na wachumaji wao, kuhusu kosa linalorudiwa msimu baada ya msimu: kuvunja matawi mabichi na kuyashusha chini ili karafuu zichambuliwe kivulini. Anayefanya hivyo huona ameokoa muda, kwa kuwa mchumaji hulipwa kwa pishi, yaani kipimo cha ujazo cha karafuu alizochuma, na mkodi ana mti kwa msimu mmoja tu. Lakini mkarafuu hutoa maua kwenye ncha za vitawi, na kila ncha iliyovunjwa pamoja na majani yake ni mavuno ya baadaye yaliyotupwa.

Hasara haiishii hapo. Jeraha lililochanika ni mlango wa kuvu wanaokausha matawi kuanzia juu kushuka chini, na ukilikata tawi lililoshambuliwa utaona mbao yake ina rangi ya kahawia yenye wekundu. Mti uliovunjwavunjwa misimu kadhaa hubaki na kilele kikavu, nao watu husema umezeeka.

Shada huchumwa matumba ya karafuu yakiwa yamefikia urefu wa karibu sentimita 2, vichwa vyake vikiwa bado vimefumba na rangi ya kijani imeanza kugeuka uwaridi. Likamate kwa vidole, ulikunje upande mmoja, konyo, yaani kishikizo cha shada, likatike juu ya jozi ya mwisho ya majani. Majani hayo mawili yabaki mtini. Kwa kuwa mashada hayapevuki kwa pamoja, yaache yaliyo machanga na uurudie mti baada ya wiki moja hivi. Wanaotaka kuumaliza mti kwa siku moja ndio hao hao wanaovunja.

Ngoe, yaani fimbo ndefu yenye ncha ya kulabu, itumike kuinamisha tawi polepole, kisha lifungwe kwa kamba kwenye tawi nene wakati wa kuchuma, na lifunguliwe taratibu badala ya kuachiwa lirushwe. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika na hukatika ghafla, hivyo usimtume mtoto juu ya tawi jembamba. Ngazi ipo kwa kazi hiyo.

Palipokwisha kuvunjika, kata kwa msumeno, si kwa panga, sentimita 15 chini ya mwisho wa sehemu yenye rangi ya kahawia, mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame. Ukiona rangi bado imo, shuka tena ukate hadi mbao iwe safi, hata kama moyo unakuuma. Usikate mvua inaponyesha, na kazi yote iwe imekwisha kabla ya masika kuanza mwezi Machi. Matawi yaliyokatwa yachomwe mbali na shina. Kuyarundika chini ya mti huo huo, kama wengi wanavyofanya, ni kuufugia ugonjwa. Tawi lililopona huchipua pembeni mwa mkato.