Jinsi ya kuomba nakala ya hati ya mashtaka Mombasa

Kijana akikamatwa Kongowea asubuhi, kufikia adhuhuri mtaa mzima unasema "ameshtakiwa". Bado. Jirani aliyekwenda kituoni akaandikisha OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, ana malalamiko. Polisi waliomtia ndani wana tuhuma. Shtaka huzaliwa pale kosa linapoandikwa kwenye hati, likafikishwa mbele ya hakimu na likasomwa. Hata likisomwa, hatia bado haijatajwa. Hilo ni neno la mwisho wa kesi.

Karatasi hiyo, ambayo kortini wengi huiita chaji shiti, ndiyo ya kuombwa mapema. Ina sehemu mbili za kusoma kwa makini. Ya kwanza inataja kosa na kifungu cha sheria. Ya pili ni maelezo: siku gani, mahali gani, nani alitendewa nini. Usipite haraka kwenye namba ya kifungu. Watu wawili wamepigana sokoni, mmoja akaumia. Akishtakiwa chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, yaani kushambulia na kusababisha madhara ya mwili, kifungo hakizidi miaka 5. Ikiandikwa 234, yaani kuumiza vibaya, anaweza kufungwa maisha. Ngumi ni zile zile.

Njia nyepesi ya kuipata ni kuiomba siku ile ile ya kusomewa mashtaka. Simama, useme: "Mheshimiwa, naomba nipewe nakala ya hati ya mashtaka na taarifa za mashahidi." Hakimu akikubali, ataandika amri kwenye faili, na kiongozi wa mashtaka atatakiwa kuitekeleza. Hapo huombi hisani. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa kina kinachotosha kulijibu, na haki ya kuujua mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake.

Ikiwa siku hiyo ilipita kwa woga (na wengi huwa na woga), nenda masijala ya jinai, ofisi ya mahakama inayotunza faili za kesi za jinai. Hakikisha kwanza kesi iko wapi: Shanzu kuna mahakama yake, na kesi za watoto husikilizwa Tononoka. Lile jengo la mahakama ya zamani karibu na Fort Jesus liko chini ya Makumbusho; faili yako haimo. Ukitoka Likoni, usiitegemee feri ya dakika za mwisho.

Beba kitambulisho, namba ya kesi pamoja na mwaka wake, na barua fupi:

"Kwa Msimamizi wa Mahakama. Mimi ni mshtakiwa katika kesi ya jinai nambari … ya mwaka … Naomba nakala ya hati ya mashtaka ili nijiandae kujitetea. Kesi itatajwa tarehe …"

Tia sahihi, andika namba ya simu, na uende na nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Ndugu akienda kwa niaba ya aliye rumande, barua itiwe sahihi na mshtakiwa mwenyewe. Ukitakiwa kulipa chochote, dai risiti ya mahakama. Asiyetoa risiti, usimpe hata shilingi.

Hati yenyewe mara nyingi huwa kwa Kiingereza, ingawa karani huisoma kwa Kiswahili. Mkalimani ni haki yako bila malipo, hata kama lugha yako ni Kigiriama au Kisomali. Usijibu "ni kweli" kwa sababu tu umesikia jina lako na jina la soko. Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, hakimu anapaswa kuhakikisha shtaka limefafanuliwa kwa lugha unayoielewa, kisha usomewe maelezo ya tukio na upewe nafasi ya kuyapinga, kabla hajakutia hatiani kwa kukiri kwako.

Upande wa mashtaka unaweza kubadilisha hati kesi ikiendelea, mradi upande huo haujafunga ushahidi wake. Ikitokea hivyo, lazima usomewe shtaka jipya na ulijibu upya, na unaweza kudai mashahidi waliokwisha kuzungumza waitwe tena. Omba nakala ya hati mpya siku hiyo hiyo, na ile ya zamani usiitupe.