Kupunguzwa kazini ukiwa na miaka 47: mimi nilianzia hapa

Barua nilipewa Ijumaa saa tisa alasiri, ndani ya chumba kile kile nilichokuwa nawafundishia vijana wapya wa kaunta. Nilikuwa na miaka 47, na 17 kati ya hiyo niliitumikia benki moja hapa Dar es Salaam. Wateja walishahamia kwenye simu, matawi yakaunganishwa, sisi wa opereseni tukaonekana tumezidi. Nawaandikia wenzangu wa rika langu waliopewa barua wiki hii, maana najua usingizi hauji.

Kwanza malizana na kazi uliyotoka. Ukiletewa karatasi inayosema umelipwa chote na huna madai, usiisaini siku hiyo. Omba uende nayo nyumbani, uisome umetulia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa kabla ya kupunguza watu, aeleze sababu na ashauriane nao. Kwenye malipo kagua mstari kwa mstari: mshahara wa siku ulizofanya, likizo usiyoichukua, notisi (kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28), na kiinua mgongo. Hapo kwenye kiinua mgongo niliumia. Kima cha chini ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, ila hesabu inakomea miaka 10. Miaka yangu 17 ikawa siku 70. Kama mkataba wenu wa hali bora, ule ambao chama cha wafanyakazi kimefunga na mwajiri, unatoa zaidi, dai hicho zaidi.

Ukiona umeachishwa isivyo haki, una siku 30 za kupeleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mwenzangu mmoja alikwenda siku ya 40, akiamini mazungumzo na mwajiri yanaendelea. Ikabidi aanze kwa kuomba asamehewe kuchelewa. Dai na cheti cha utumishi, ni haki yako. Halafu nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukaulizie fao la kukosa ajira: kwa wenye fani ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, ukiwa umechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi mwenyewe.

Hela hizo zikiingia, utaletewa mawazo ya kufuga kuku, kununua bodaboda na kiwanja kabla wiki haijaisha. Mimi nilikataa vyote kwa miezi mitatu. Nilikwenda shuleni kwa wanangu kabla ya kudaiwa, nikaomba ada niilipe kwa awamu, wakakubali. Kama una mkopo wa mshahara, soma mkataba wake uone kama una bima ya kupoteza kazi. Baadhi ya mikopo inayo na watu hawajui.

Sasa kutafuta kazi kwenyewe. Miezi miwili ya mwanzo nilituma ujumbe mmoja kwa kila ninayemfahamu: "Nimepunguzwa kazini, ukisikia nafasi yoyote unikumbuke." Wote walijibu pole dada, Mungu yupo. Hakuna aliyepiga tena, na siwalaumu. "Nafasi yoyote" haina sura, mtu ataikumbukaje akiwa kwenye shughuli zake?

Nikachukua daftari la mwanangu, nikaacha kuandika vyeo na kuandika nilichokuwa nafanya kwa mikono. Kila jioni nilifunga hesabu za kaunta 9. Fedha isipolingana na mfumo, haondoki mtu mpaka tofauti imeonekana. Basi kazi yangu ni hiyo: kujua hela imepotelea wapi. Ukurasa wa pili niliandika watu 40 walioniona nikiifanya. Wateja, wakaguzi, wenzetu waliohamia SACCOS. Fanya hivi kabla hujagusa sivii.

Wa kwanza kumpigia alikuwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Gerezani.

"Shikamoo mzee. Ni yule mama wa benki aliyekuwa anakupangia hundi zako mwisho wa mwezi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia tawi wamelifunga. Poleni sana."

"Tumeshapoa, mzee. Naomba nije Jumanne niangalie daftari lako na taarifa ya benki kama vinakubaliana. Siku mbili tu."

Alinitolea boksi la viatu limejaa risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Karatasi zile maandishi yake hufutika kadiri muda unavyopita, na za mwaka juzi zilikuwa nyeupe kabisa, huoni tarehe wala kiasi, wakati TRA inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Siku ya kwanza nilipiga picha kila iliyokuwa bado inasomeka, nikazipanga kwa miezi. Siku ya pili nikakuta mzigo mmoja wa nondo umelipiwa mara mbili. Mzee alivua miwani, akaifuta, akavaa tena, akaitazama ile mistari miwili kwa kidole. Wiki iliyofuata jirani yake alinipigia mwenyewe.

Nilifanya hivyo maduka manne kwa miezi mitano, na malipo yalikuwa madogo. Lakini mtu wa SACCOS aliponipigia, nilikuwa na kazi ya juzi ya kumweleza. Sivii yangu ilikuwa kurasa tano kuanzia shule ya msingi, nikaibakiza mbili, juu kabisa nimeweka zile kaunta 9 na yale maduka. Ajira za serikali nilizipa muda mdogo: matangazo mengi ya Ajira Portal yanataka umri usiozidi miaka 45, kwa hiyo soma mstari wa umri kwanza. Na anayekuambia utume hela ya fomu au ya usaili, kata simu.

Aliyenihoji kule SACCOS alikuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akaniuliza kwa adabu, "Mama, utapokea maelekezo kutoka kwangu?" Jiandae kwa swali hilo, litakuja. Nilimjibu kwamba msimamizi wangu wa mwisho alikuwa na miaka 33, yeye alinifundisha mfumo mpya, mimi nikamfundisha kufunga hesabu za mwaka. Akaandika kitu, akageuza ukurasa.

Mshahara walionitajia ulikuwa chini ya ule wa benki. Niliukubali, nikauliza jambo moja tu kabla ya kusaini: michango ya NSSF itaanza kupelekwa mwezi gani. Wakaiandika kwenye mkataba mbele yangu.