Meno ya foklifti yakishuka yenyewe

Wenzangu wa magodauni ya Industrial Area, Nairobi, ukiinua mzigo, ukaachilia wenzo, kisha meno yakaanza kuteremka polepole yenyewe, usikimbilie maduka ya speya ya Kirinyaga Road kununua pampu ya oili. Pampu iliyochoka huonekana wakati wa kupandisha: mzigo unajikokota au unagoma kabisa. Ukishafika juu, kazi ya kuushikilia ni ya vali (kilango kinachofungia oili isirudi) na sili (pete za kuzuia oili isivuje) za silinda, ile mitungi inayosukuma meno juu.

Shusha meno hadi sakafuni, zima injini, toa ufunguo. Pangusa vyuma ving'aavyo vya silinda kwa kitambaa kikavu, halafu washa tena, pandisha na kushusha mara kadhaa bila mzigo. Chuma kikirudi na pete ya oili, sili imekwisha. Kabla ya kuibadilisha, pitisha ukucha juu ya kile chuma. Ukikwama penye mkwaruzo, hata sili mpya itakatwa muda si mrefu, na hapo wengi humlaumu aliyewauzia speya, bure tu. Chuma kikiwa kikavu, mshuku vali, au sili ya ndani ya silinda.

Unatafuta hozi inayovuja? Tumia kipande cha katoni, kamwe si kiganja. Oili yenye presha hupenya ngozi. Tundu linaonekana dogo kama la sindano, lakini ni la kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Oili ikitoa povu kwenye tangi, kuna hewa inayoingia. Anza na klipu za hozi iendayo kwenye pampu; mara nyingi ni kukaza tu.