Ndege ya dawa ikitoka kwa fundi: namna ya kuikagua kabla haijaruka

Nimeshika spana miaka ishirini na kitu kwenye ndege za kunyunyizia dawa, za ngano na za kwelea kwelea. Mwaka wangu wa tatu mwenzangu alibadilisha kebo za eleroni, vile vibawa vya nchani vinavyoilaza ndege, akazifunga kinyume. Stiki, ule mpini wa rubani wa kuongozea ndege, haikukwama popote. Rubani alipoipeleka kushoto ndege ikalala kulia, ikaishia kwenye alizeti. Alitoka na mkono uliovunjika. Aliyesaini ukaguzi ni mimi, nimesimama mlangoni mwa hanga na kikombe cha chai.

Anza kwa kuosha. Dawa inakula chuma, na chini ya ukoko huoni kitu. Pitisha kitambaa cha pamba juu ya kebo yote. Kikinasa, kuna uzi umekatika. Usitumie kidole, utachanika.

Halafu muwe wawili, mmoja ndani, mmoja nje. Swali si kama stiki inacheza, ni inapeleka wapi. Ishike ukiwa umesimamisha dole gumba, uilaze kushoto: gumba linaonyesha bawa ambalo eleroni yake lazima ipande. Ya upande wa pili ishuke. Stiki ikivutwa nyuma, kibawa cha mkia kipande. Pedali ya kulia, usukani wa mkia uende kulia. Aliye nje asijibu "sawa". Aseme anachokiona: "kushoto juu, kulia chini." Neno "sawa" ndilo nililolisema mimi.

Kisha pima kila kibawa kinafika nyuzi ngapi za pembe juu na chini, ulinganishe na kitabu cha ndege hiyo. Hapa watu huruka hatua. Tarehe 8 Januari 2003 Beechcraft 1900 iliondoka Charlotte, Marekani, pua ikanyanyuka ikakataa kushuka. Wote 21 wakafa. Kebo za mkia zilikuwa zimerekebishwa vibaya, kibawa hakishuki inavyotakiwa, na baadhi ya hatua za kitabu zilirukwa. Lakini ilikuwa imesharuka safari kadhaa bila shida, mpaka siku mzigo ulipozidi na kuelemea nyuma. Kwa hiyo na ndege yako, tangi la dawa likiwa tupu linaweza kukudanganya.

Nati za mfumo wa kebo hizo ziguse moja moja. Kotapini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, ikishatolewa haifai kurudishwa, weka mpya. Hesabu spana zako kabla ya kufunga vifuniko.

Anayekagua asiwe yule aliyefunga, na asiwe na haraka ya kwenda kula. Mwenye shamba atapiga simu kila baada ya dakika kumi kwamba ndege wanamaliza mtama. Mwache apige.

Rubani naye, kabla ya kukimbiza, azungushe stiki huku anatazama mabawa, si saa za vipimo zilizo mbele yake. Safari ya kwanza apande juu bila dawa, ya pili abebe nusu tangi. Kule shambani anaruka mita tatu juu ya mimea, hana pa kujirekebishia.