Bikombe bitatu na karanga moja: namna ya kumaliza bishano ya Monty Hall

Kijana moja hapa Ndosho, mu Goma, anajitayarisha na Egzeta (mtihani ya serikali ya kumaliza sekondari), alinibishia sana juu ya hii hesabu banaita Monty Hall, jina ya mwenye kuongoza mchezo ya televizio Marekani: milango tatu, nyuma ya moja kuko gari, unachagua, mwenye mchezo anafungua ingine yenye haina gari, anakuuliza kama unabadilisha. Batu bengi banasema ni 50 kwa 50. Hapana, ukibadilisha unashinda mara 2 kwa 3. Mwandishi Marilyn vos Savant aliandika vile mu gazeti Parade ya Marekani mu 1990, bakamutumia barua karibu 10,000, bengi bakimuambia amekosea, na bamoja kati yabo balikuwa badokta ba hesabu.

1. Tafuta bikombe bitatu bya kufanana (njo milango), karanga (njo gari), kaye na biki ya kuandika. Programu ya telefone mimi sipendi, mwenye kubisha atasema telefone inaiba.

2. Geuka. Mwenzako anatupa dadu ya ludo, 1-2 anaficha kushoto, 3-4 katikati, 5-6 kuume.

3. Hii soma polepole, juu hapa njo masaa inapoteaka. Unachagua, mwenzako anafunua kikombe kingine. Lazima ajue karanga iko wapi na kila mara afunue chenye haina kitu, asiguse cha kwako. Kama anafunua ovyo tu, na karanga ikionekana munasema "iyi haihesabiwe, turudilie", sasa munacheza mchezo mwingine kabisa na kweli itatoka 50 kwa 50, utafikiri hesabu inadanganya! Kwa macho iko sawa, kikombe tupu kimefunuliwa. Lakini angalia: mara 2 kwa 3 karanga iko ku bile bibili haukuchagua, njo pale kubadilisha inashindia, na mwenye kufunua ovyo nusu ya hizo mara ataangukia ku karanga yenyewe, munazifuta. Mwenye kujua hafute hata moja.

4. Cheza parti (michezo) 60 hivi, na uandike kila moja. Mu 10 tu unaweza pata 5-5 na bishano inaanza upya. Na usicheze mara mbili, moja ya kubakia na moja ya kubadilisha: kila parti yenye kubakia imepoteza, kubadilisha ilishinda. Utaona kubadilisha inashinda karibu 40 kati ya 60.

5. Bado anabisha? Bikombe 10, achague kimoja, wewe funua 8 tupu. Hapo muulize kama anabakia na cha kwake, na muweke franga 100 chini kila parti.