Namna ya kupanga kijiwe kipya cha mtaa: maelezo ya fundi wa Keko

Mimi ni seremala. Kazini Keko, nyumbani Tandika. Lilipovunjwa banda bovu la kona ya mtaa wetu, pakabaki kiwanja cha hatua kama kumi na tano kwa kumi, na wazee wakasema pawekwe kijiwe watu wapate pa kukaa jioni. Wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa fundi wa benchi akiwa jirani yako hununui benchi dukani. Nilikosea mambo mengi kabla pale hapajakaa sawa. Kama na ninyi mnaanzisha kijiwe, haya niliyoyalipia mimi yachukueni bure.

Kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uulize eneo ni la nani na hifadhi ya barabara inaishia wapi. Usione aibu kuuliza. Ukimwaga zege la baraza ndani ya hifadhi, siku moja utaamka ukute limechorwa X nyekundu, na hapo hakuna wa kumlalamikia. Sisi tuliambiwa tukae, ila tusijenge kitu cha kudumu. Nikaona bora hivyo hivyo: kila kitu kiwe cha kubebwa na watu wawili.

Pili ni kivuli. Hiki kisipimwe saa nne asubuhi, saa hiyo hakai mtu. Simama pale saa kumi jioni, watu wakitoka Alasiri. Jua liko magharibi, kwa hiyo kivuli cha mti wako kinalala mashariki yake, na benchi lifuate huko. Halafu kuna jambo linalosahaulika: mwezi wa 6 jua la Dar hupita upande wa kaskazini na kivuli kinasogea kusini, mwezi wa 12 linapita kusini na kivuli kinasogea kaskazini. Mimi nilipima mwezi wa 6, nikajiona mjanja. Ilipofika Desemba babu mmoja anakaa amefunika kichwa kwa gazeti, na benchi lenyewe nililipa jina la "benchi la wazee". Mti wetu ni mwarobaini, tunashukuru. Mwenye mwembe ajue msimu wa maembe utamletea utomvu kwenye mashati na embe utosini.

Sasa mpangilio wenyewe. Nilichonga mafomu manne ya futi sita, nikayapanga mistari miwili, yote yanatazama ukuta wa duka ambako tulitundika televisheni. Yalipendeza macho. Wiki nzima watu wakaja, wakakaa, wakatazama mbele, wakaondoka. Siku ya nane muuza kahawa akaweka birika lake chini, akaangalia mistari yangu, akaniuliza, "Fundi, basi letu linakuja saa ngapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka kwa nje. Usiku nikalifikiria. Mazungumzo yanataka sura kwa sura, na ukimpanga mtu anatazama kisogo cha mwenzake umemwambia anyamaze. Kesho yake nikarudi na msumeno. Mafomu mawili nikayaacha mazima, mawili nikayakata katikati, nikapata vipande vinne vya futi tatu. Nikapanga kwa umbo la U. Kutoka benchi hadi benchi la mbele yake weka futi tano, usizidishe. Nilijaribu tisa kwanza, kikazaliwa kijiwe ndani ya kijiwe: upande huu wanazungumzia bei ya mkaa, upande ule siasa, na wa katikati shingo inawauma. Na kwenye pembe za U acha mwanya wa futi mbili, vinginevyo magoti ya watu wawili yatagombea nafasi moja na mmoja atakaa upande kama amepanda punda.

Mdomo wa U niliuelekeza barabarani, ili mpita njia atoe salamu na akipenda aingie bila kuzunguka nyuma ya migongo ya watu. Wazo zuri, nikadhani nimemaliza. Baada ya siku chache mke wangu akaniuliza kama nimegundua kuwa wanawake wa mtaa hawapiti tena njia ile. Sikuwa nimegundua. "Wanazunguka kwa mtaroni," akasema. "Nani apite mbele ya macho ishirini na ndoo kichwani?" Kweli, nikakaa jioni moja kuhesabu. Kutoka saa kumi na moja mpaka magharibi walipita wawili, na wote ni vikongwe wasiojali mtu.

Dawa yake ilikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Tuliinua mabenchi tukauzungusha mdomo wa U ukawa mshazari, hautazami barabara moja kwa moja wala hauipi kisogo. Anayetaka kuamkia anageuza shingo kidogo. Anayepita na shughuli zake haoni jopo la majaji. Pale mdomoni nikaweka stuli mbili nyepesi zisizo na mwenyewe. Hizo ni za mgeni. Mgeni haendi kukaa katikati ya wazee siku ya kwanza, anataka pembeni, karibu na njia ya kuondokea. Akizoea ataibeba stuli yake mwenyewe aisogeze ndani, mtaona.

Kina mama wa kikoba nao wakadai haki yao: Jumamosi saa nne asubuhi mabenchi ni yao, wanayapanga duara, sanduku katikati. Hakuna aliyebisha, na angebisha angepikiwa nini nyumbani?

Drafti itenge. Usiiweke ndani ya U hata ukibembelezwa. Wachezaji wawili wanaleta watazamaji kumi, na mtazamaji wa drafti ana kelele kuliko mchezaji. Ipe meza yake hatua sita au saba pembeni, meza ndefu kidogo ili wanaosimama wasiinamie mabega ya watu. Ubao niliuchora mwenyewe kwenye plaiwudi, miraba 64, na kwa kubania plaiwudi nikaipa kila mraba sentimita tatu. Nikapaka rangi vizuri, nyeusi na nyeupe. Tukaleta vizibo vya soda, huyu ameviweka kifudifudi, yule chali, mchezo ukaanza, na papo hapo ukakwama: kizibo kina zaidi ya sentimita tatu, vinasukumana kama abiria wa daladala asubuhi. Ukila kete moja umesogeza tatu. Wa pili niliuchora kwa sentimita tano kila mraba. Bao tuliazima kwa mzee mmoja, lile lenye mashimo 32 na kete 64. Hilo lilikaa chini kabisa ya mwarobaini kwa kuwa wachezaji wake ni watulivu.

Televisheni iondoke. Sisi inatoka ndani siku ya mechi tu, na Simba na Yanga zikikutana hata mafomu yanarudi kwenye mistari ya stendi, siku hiyo ni ruhusa. Mechi ikiisha inarudi ndani na mabenchi yanarudi kwenye U. Kubishana mpira hatukukataza, ungekuwa wazimu, ila wabishi wanahamia upande wa drafti.

Jiko la muuza kahawa lisiwe na mahali pa kudumu. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini, jiko likae kaskazini ya watu. Kaskazi ikianza, mnalihamisha. La sivyo mtakunywa moshi kwanza, kahawa baadaye.

Ubao wa matangazo ulinipa tabu ya mwisho. Plaiwudi futi nne kwa tatu, kibati juu yake cha kuzuia mvua. Siku tatu tu madalali walikuwa wameujaza "chumba na sebule", na mganga mmoja wa kurudisha wapenzi amebandika tangazo lake juu ya tangazo la msiba. Nikachora mistari ya rangi kuugawa: juu kushoto ni misiba na hapaguswi, pembeni yake taarifa za serikali ya mtaa, chini vibarua na vyumba, kona moja vitu vilivyopotea na vilivyookotwa. Kila karatasi iandikwe tarehe ya kubandikwa, ikifikisha siku saba inatolewa. Anayetoa ni muuza kahawa, maana yeye ndiye anayekuwepo kila siku. Mganga tulimwambia kwa upole atafute nguzo.

Usigongelee kitu chochote ardhini kwa wiki mbili za mwanzo. Pita asubuhi kabla hapajafagiwa uangalie stuli zimelala wapi, ganda za karanga zimerundikana wapi, mchanga umechimbwa na visigino wapi. Huko ndiko watu wanakotaka kukaa, na hapo ndipo usogeze benchi.

Miguu ya benchi ndiyo inayooza kwanza, masika ikianza na maji yakatuama. Paka oili chafu ya gereji kuanzia chini hadi kiasi cha shubiri moja, rudia ikikauka, halafu chini ya kila mguu weka kipande cha tofali. Ishia hapo kwenye shubiri. Mimi kwa bidii nilipaka mpaka juu, nikaacha siku mbili nikaona imekauka, na Ijumaa mzee mmoja akaketi na kanzu yake nyeupe ametoka msikitini. Kanzu nililipa mimi.