Paka ana tongotongo na chafya? Soma hii kabla hujamwekea dawa yoyote ya matone

Huku kwetu Mwanza, kuanzia mwaloni Kirumba mpaka Igoma na Buhongwa, paka wanalala rundo moja na wanalamba kichwa kimoja cha sangara, kwa hiyo mmoja akianza kuumwa macho baada ya siku chache utakuta vitoto vyote vimefumba. Watu wanasema vumbi. Mara nyingi ni kirusi, na kinachoongoza ni hepesi ya paka, ambayo haimpati binadamu kwa hiyo mshike tu bila woga.

Angalia macho na pua kwa pamoja. Hepesi inakuja na chafya, mafua, macho mekundu yanayotoa machozi, halafu machozi yanageuka tongotongo za njano au kijani maana bakteria nao wameshaingia. Ukiona vidonda kwenye ulimi na udenda unamtoka fikiria kalisi, nayo ni kirusi. Klamidia ni bakteria, yenyewe inaanza jicho moja linavimba sana halafu la pili linafuata, chafya ni kidogo. Jicho moja tu na mafua hakuna kabisa, hapo inaweza kuwa kucha ya mwenzake.

Sasa washa tochi ya simu, mulika kwa pembeni. Kioo cha jicho kikiwa na ukungu au kashimo, au paka anabana jicho hataki mwanga, hiyo ni ya daktari wa mifugo leo leo, usingoje kesho. Daktari ataweka rangi ya fluoresini kisha amulike taa ya bluu, penye kidonda panang'aa kijani, na vikionekana vimistari vyenye matawi kama mizizi ya mti basi ni hepesi.

Hapa ndo naomba tusikilizane jamani. Dawa za matone zenye deksamethazoni au prednizoloni, ambazo mara nyingi zimechanganywa na antibayotiki kwenye kichupa kimoja, usimwekee. Wekundu utapungua haraka utafurahi, kumbe umeshusha kinga ya jicho na kirusi kinaendelea kuchimba mpaka jicho linaweza kutoboka. Soma kichupa chote, hata kama muuzaji amekuhakikishia.

Nyumbani anza na usafi. Chemsha maji nusu lita, weka chumvi kijiko cha chai kisichojaa, yapoe yabaki vuguvugu, lowesha pamba na ulainishe tongotongo kwanza ndo ufute, pamba yake kila jicho. Mfunge kwenye khanga miguu yote ndani, vuta kope ya chini, weka mafuta ya macho ya tetrasaiklini ya asilimia 1, mara tatu au nne kwa siku. Hayo yanapiga bakteria, kirusi hayakigusi. Dawa ya kirusi yenyewe ni famsiklovia, kidonge cha binadamu, dozi inayotumika sana ni mg 90 kwa kila kilo mara mbili kwa siku ila apime na kuandika daktari. Valasiklovia ni sumu kwa paka. Panadol pia inaua paka, hata kipande.

Halafu chakula, na hili watu wanalisahau sana. Paka mwenye mafua hasikii harufu, na asiposikia harufu hali, na paka asipokula siku mbili tatu ini linaanza kuharibika. Mpashie supu ya sangara isiyo na chumvi wala kitunguu au dagaa waliochemshwa, awe anavuta mvuke wake, na umfute pua kabla ya kula.

Mtenge na wenzake, sahani yake peke yake, nawa mikono kila ukimshika. Kitoto ambacho macho hayajafunguka na kope zimevimba usaha ndani, kimbiza kwa daktari siku hiyohiyo.

Akipona jua hepesi inabaki kwenye neva maisha yote, ukihama nyumba au ukileta paka mgeni inaweza kurudi, kwa hiyo tetrasaiklini iwepo ndani. Chanjo haizuii maambukizi yote ila inapunguza makali, anza wiki ya 6 mpaka 8, rudia kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16.